Misalaba Juu ya Milima

Jumatatu, 3 Machi
Kahawa ya Kyondo imefika mapema ghalani Bwera, huku Uganda, mpakani na Kongo. Nimepima, nimeandika, nimefunga. Mchana nimetoka nje na simu. Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo anayeongoza kwaya ya Wakongomani, anataka wimbo wenye milima ya kwao ndani yake. Programu yangu ya simu hugeuza mchoro kuwa muziki, ikiusoma kutoka kushoto kwenda kulia: mstari ukipanda, sauti hupanda. Nimechora vilele vya ng'ambo kwa kidole. Nimetia misalaba pale sauti za wanawake zinapoingia. Imependeza.

Jumanne, 4 Machi
Naogopa. Njiani kurudi Kasese, kizuizini, askari amefungua simu yangu. Ameona milima ya mpakani yenye misalaba.
"Hii ni kambi zetu?"
Nimesema ni wimbo.
"Wimbo inaimbwa, haichorwi."
Wamecheka. Afande, mkubwa wao, hakucheka. Amebaki na simu na kitambulisho. Nirudi Alhamisi.
Mjinga mimi. Milima wanakotokea waasi, nami naichora na kuitia alama.

Jumatano, 5 Machi
Sikula. Gunia moja nimelipima mara mbili, bosi akanitazama. Nimewaza kukimbilia kwa shangazi, kijijini Kahendero. Lakini anayekimbia amejihukumu. Nimeazima simu ya jirani, nikampigia Mama Kavira. Atakuja, kasema. Sikumwamini. Nani ajiingize katika mambo ya jeshi, tena mgeni?

Alhamisi, 6 Machi
Amekuja kizuizini, amevaa kitenge cha kwaya.
"Afande, huyu mutoto iko karani ya kahawa. Anaogopa hata mbuzi."
Afande akanirudishia simu. "Futa milima. Sasa mimi nachora. Isipoimba, unalala ndani."
Nimefuta. Akachora ng'ombe, pembe ndefu kupita mwili. Vidole vyangu vilikuwa na jasho, kioo hakikuitika. Nikavifuta kwenye suruali, nikabonyeza tena. Kimya. Nilidhani ndiyo basi. Kisha ikaimba: miguu ikagonga kama ngoma, pembe zikapanda juu kabisa. Askari wakasogea.
"Tena," afande akasema. Nikarudia.
"Ng'ombe yangu inaimba kushinda kwaya yako, mama."
"Basi umulete kanisani. Tuko na shida ya besi."
Akacheka, mara ya kwanza. Akanitupia kitambulisho. "Potea."
Nimetapika nyuma ya kibanda cha petroli. Mama Kavira alinishikia begi.

Jumamosi, 8 Machi
Kasese. Mvua tangu asubuhi. Mama Kavira hajauliza habari za wimbo, nami sijamwambia kwamba milima sitaichora tena.
Nimefungua programu. Nimechora mstari mmoja ulionyooka, kitu ambacho hakuna askari angekiulizia. Haukunyooka. Mkono bado unatetemeka, na simu imeimba kila mtetemo, kwa sauti nyembamba inayopanda na kushuka.
Nimeisikiliza hadi mwisho. Sijaifuta.