Damu ya Mama Haikuganda

Jumanne, 5 Agosti 2025
Mimi Idris ndiye mchinjaji hodari kuliko wote, kutoka Ruiri mpaka Embu. Ng'ombe wakiniona hulala chini wenyewe, wasinipotezee muda. Shule niliacha Form Two – hasara ni ya shule. Kwa hivyo nikisema najua mapafu, najua. Nayashika kila asubuhi, buchani kwangu Gakoromone, hapa Meru.

Leo kliniki wamemtukana mama. Sista Igoki ameangalia picha, akasema damu iliyoganda kwa mapafu iko palepale, na dawa amepewa miezi minne. Ati mama anawapa kuku vidonge. Kuku gani? Sisi tunakaa ploti, orofa ya pili. Vidonge namlisha mimi, kwa mkono huu, kila jioni. Nikaanza kumpasha sista. Mama akanivuta shati: nyamaza, utaniua na aibu.

Jumatano, 13 Agosti
Daktari Kinoti wa kliniki ile ameongeza dozi ya dawa ya kuyeyusha damu. Sasa mama akipiga mswaki anatema damu. Kupanda ngazi anasimama mara tatu, na kila mara ananidanganya ati anaangalia maua. Ngazi yetu haina maua.

Jumatatu, 18 Agosti
Embu. Kinoti ametutupa kwa daktari wa mapafu, Daktari Njoki. Mfupi, sauti kama ya mwalimu mkuu. Akasema damu iliyoganda husikia dawa, lakini hii yetu imekua. Akanionyesha kwa picha ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni kwenda mapafuni. Kuna kansa moja nadra inayoota kwa ukuta wa mshipa, ndani, na kwa picha inafanana kabisa na damu iliyoganda. Madaktari wengi hawajawahi kuiona. Watatoa kipande wapime.

Nikamwambia, kwa hivyo si mambo ya kuku.
Kuku gani? akauliza.
Mama akacheka mpaka pumzi ikakatika. Tukamshika.

Jumatano, 27 Agosti
Ni kansa.

Njoki amewapigia simu wapasuaji wa Nairobi. Watakaa Ijumaa waamue kama bado inakatika au imeshafika moyoni. Kama ingeonekana Aprili – hapo akairudisha picha kwenye bahasha.

Nimerudi Meru moja kwa moja kwa Kinoti. Foleni sikupanga. Nimemwambia mbele ya wagonjwa: umemfanya mama yangu mwongo, umempa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Akafungua faili, ukurasa wa kwanza, wa Aprili, akanigeuzia. "Nisomee, Idris."

Jasho la usiku: hapana. Kupungua kilo: hapana.

Akasema polepole, hayo mawili ndiyo yangenishtua mapema. Nikatoka bila kuaga.

Alhamisi, 28 Agosti
Kesho ndiyo wanaamua. Mama ameniuliza kama Kinoti aliomba msamaha. Nimesema ndiyo.

Hiyo siku ya Aprili mama hakuwa na pumzi ya kujibu maswali ya Kinoti, nikajibu mimi. Shuka zake nilikuwa naanika kila asubuhi, zimelowa. Bangili zilikuwa zinamtoka mkononi zenyewe. Nilijua. Lakini nyuma ya pazia la kliniki alikuwa Shukri, mshindani wangu wa bucha ya pili, anasikia kila kitu, na sikutaka aende kutangaza sokoni ati mama wa Idris amekonda. Nikamwambia daktari mama anakula kunishinda mimi. Mama akainua mkono aseme kitu.

Nikaushusha.