Vipimo Nyumbani kwa Mama Kalondu

Jumanne, 4 Machi
Kijiji cha Kinanie tena. Nimesimamisha kipima sauti uani kwa Mama Kalondu, nyumba iliyo karibu zaidi na mashine za kusaga kokoto. Upepo kidogo. Saa nzima, karibu kimya. Mashine moja tu ilizunguka, tena tupu. Meneja wa kiwanda ndiye aliyechagua siku.
Mama akaniambia, "Mwanangu, leo wanakudanganya. Kuja siku hawakungoji."
Mumewe amepooza. Hulala chumba cha mbele, macho wazi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi bila kumwambia mtu. Mashine zote tatu zinasaga. Vikombe vinatetemeka kabatini. Kila mawe yakimwagwa mzee anapiga yowe, na mkewe anamziba masikio kwa viganja. Hiyo ndiyo kazi yake kutwa.
Kipimo: juu ya kiwango cha sheria, mbali sana.
Mama alinishika mikono yote miwili. "Asante. Sasa iko kwa karatasi."
Niliona aibu. Nilikuwa bado sijafanya kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisini, Athi River. Bosi wangu, Mutiso, amesoma vipimo vyote viwili. Akafuta cha Alhamisi nikiona.
"Ni kiwanda kilituita. Si huyo mama."
Akaniuliza kama nimechoka na kazi. Nikasema hapana. Nikatia sahihi ripoti ya Jumanne. Mchana nilikula vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 19 Machi
Baraza kwa chifu, kusikiliza malalamiko ya Mama Kalondu. Meneja alisoma ripoti, na jina langu chini yake. Halafu akamwuliza mama, mbele ya majirani, kama hizo kelele huwa anazisikia kichwani. Watu wakacheka. Hata wa kanisa lake. Wengi wana watu wao wanaofanya kazi pale.
Mama akanigeukia. "Waambie, mwanangu. Ulikuja Alhamisi."
Nikasema nilipima siku moja tu. Jumanne.
Hakulia. Alinitazama kidogo, akakaa chini, akajifunga leso upya. Niliogopa kwamba angesema kitu kingine. 
Meneja alinipa lifti hadi ofisini. Nikapanda.

Jumanne, 10 Juni
Kipimo kingine. Nyumba ya Mama Kalondu imefungwa kwa kufuli. Jirani amesema mzee alikufa kabla ya Pasaka, na mama akaenda kwa kaka yake, huko Kola. Alinijibu bila kunisalimia.
Meneja amefurahi. Nyumba isiyo na mtu haipimwi. Nilibeba vifaa hadi boma linalofuata, mbali, ng'ambo ya barabara. Mashine zote tatu zilikuwa zinasaga, hakuna aliyejisumbua kuzima. Nilisubiri saa nzima. Jogoo, pikipiki, mwanamke akipura maharagwe.
Kiwango hakijavukwa. Nimeandika hivyo. Safari hii ni kweli.