Nani Alivichagua Vile Vikundi?

Jumanne. Babati imeamka na ukungu, mlima Kwaraa hauonekani kabisa, nami nimeamka na wasiwasi.

Tasnifu yangu ya uhasibu ina hoja moja: vikundi vya kuweka na kukopa vilivyofundishwa kutunza hesabu havivunjiki ovyo kama vingine. Takwimu zinaonyesha hivyo. Shirika lililotoa mafunzo linasubiri niandike hivyo, ili mikopo ya mwakani wapewe waliofundishwa tu.

Jana msimamizi wangu alinipigia. "Ester, umeonyesha kwamba mafunzo na uimara vinakwenda pamoja. Hujaonyesha kwamba kimoja kinaleta kingine. Vikundi vilichaguliwaje?"

Nikamwahidi kwenda kuuliza.

Leo nikaenda Sigino kwa Mama Happy, mwenyekiti wa kikundi kilichofundishwa. Baada ya shikamoo, tukinywa chai, nikamuuliza walichaguliwaje.

"Walitaka vikundi visivyogombana," akasema. "Sisi tulikuwa tunaelewana. Wenzetu hapo jirani waliomba sana, wakaambiwa watulie kwanza."

Chai ikanipoa mkononi.

Kumbe walichukuliwa waliokuwa imara tangu mwanzo! Huenda wangedumu hata bila mafunzo. Na wale majirani, tasnifu yangu ingewanyima mikopo kwa kosa la kutochaguliwa.

Sikutaka kurudi nyumbani kulia. Nikampigia mratibu wa mafunzo, nikamuuliza vikundi vya kata nyingine vilichaguliwaje. Kata ya Mutuka, akasema, walioomba walizidi nafasi, ugomvi ukataka kuzuka, ikabidi waokote vikaratasi, vingine vimeandikwa, vingine vitupu. Aliyekosa alikosa kwa bahati tu.

Nilisimama pale barabarani nikitabasamu peke yangu. Huko ndiko ulinganisho wa haki uliko: waliopata na waliokosa hawakutofautishwa na chochote ila bahati.

"Lakini matokeo yakigeuka je?" akauliza mratibu, sauti imebadilika.

"Nitayaandika yalivyogeuka."

Nikakata simu. Sijutii.

Maana yake ni kuanza upya kazi ya uwandani, na mahafali ya mwaka huu yatanipita. Jioni nimemweleza kwa simu mama, ambaye alishanunua kitambaa cha sherehe.

"Basi nimwambie fundi asikate kwanza," akasema. "Wewe fanya kazi yako vizuri."

Inauma. Lakini nimeshaamua.

Asubuhi naelekea Mutuka, na nitaanza na wale waliookota karatasi tupu.