Kilichoingia Mguuni mwa Luka

Tanga, Jumapili

Dada yangu Eliza,

Kamwene, na shikamoo. Natumaini homa ya mama imepungua na watoto wako wamerudi shule. Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia tangu nilipokutumia ile simu ya maandishi ya msiba.

Barua yako kutoka Mlandege nimeipata. Unasema mama mkwe wako alikuja kutoka Chimala akatamka mbele ya wazee wa usharika kwamba mumeo kafa kwa sababu ya maneno yako, siku mlipogombana kituo cha basi kuhusu kulima mpunga au mahindi. Dada, si kweli. Nitakueleza yaliyotokea, hata yale yanayoniaibisha mimi.

Kazi niliyomwitia mumeo Luka huku Tanga unaijua. Alikuwa akipiga mbizi kuchukua vipande vya matumbawe, yale mawe yenye uhai chini ya bahari, nami maabara natafuta bakteria wanaoishi kwenye ute wake. Asubuhi ile tumbawe lilimchana juu ya kifundo cha mguu. Mchubuko tu. Mchana akaniambia, "Shemeji, mguu unawaka. Nipeleke kwa daktari."

Nikamjibu, "Ngoja nimalize sahani hizi za vipimo, jioni twende."

"Haya, nangoja," akasema, akakaa kwenye benchi. Hakulalamika tena.

Jioni mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, una malengelenge meusi. Daktari alikata nyama iliyooza, akamchoma sindano. Luka alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimemshika mkono. Aliniambia, "Mwambie Eliza alime mahindi, kama alivyotaka." Baada ya hapo hakusema neno lenye kueleweka.

Daktari alinipa usaha wa kidonda, nikauotesha. Kwenye hadubini niliona vijiti vilivyopinda kama alama ya mkato, kila kimoja na mkia mmoja, vinaogelea upesi. Vikitiwa rangi vinakuwa vyekundu. Pasipo chumvi havioti kabisa. Vikinyimwa hewa bado vinakula sukari. Nikavilinganisha na vile vya kwenye tumbawe, vikafanana kwa kila kipimo. Mkuu wetu wa maabara kaviweka katika ukoo mmoja na vijidudu vya kipindupindu kinachotangazwa redioni, ila aina yenyewe bado haina jina. Kilichomuua Luka kilitoka baharini, si kinywani mwako.

Nami nilimkalisha kwenye benchi. Nilimuuliza daktari kama zile saa zingemsaidia. Akasema, "Huenda."

Mkuu ameniagiza nivitunze vijidudu hivyo kwa utafiti. Kila Ijumaa navihamishia kwenye chakula kipya cha chumvi ili visife. Nikimaliza nanawa mpaka ngozi inauma.

Nisalimie baba, mama, na shangazi anayekusaidia shambani. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, halafu umsomee barua hii yote mbele ya wazee wale wale. Usiruke pale kwenye benchi. Akitaka mtu wa kumlaumu, jina langu hili hapa.

Mdogo wako,
Ezekia