Tanuri la Mume Wangu Thomasi

POLISI WA TANGANYIKA, KITUO CHA ARUSHA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tabea binti Kaanaeli, mke wa Thomasi
Umri: Miaka hamsini na miwili kwa kukadiria
Kazi: Mkulima wa kahawa na migomba
Dini: Mkristo, Kilutheri
Makao: Akheri, Meru
Tarehe: 14 Septemba 1948, saa tatu na robo asubuhi
Shauri: Loserian, mhunzi, anayetuhumiwa kutengeneza na kupiga bunduki bila kibali

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Mtu mliyemfungia humo ndani tangu Jumamosi hana bunduki wala hajui kuitengeneza. Nitaeleza kila kitu, nawe Bwana Koplo uandike polepole, usiruke neno, maana nimetembea mbali na magoti yangu si ya msichana.

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka jana mume wangu aliangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe pale Kikatiti. Gurudumu lilipita juu ya mguu wa kulia. Hospitali wakaukata chini ya goti. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda, uso ukutani, miezi kumi. Kahawa nilichuma mimi. Migomba nilikata mimi. Nikimwambia chakula tayari, anasema, "Kula wewe unayefanya kazi." Maneno hayo yaliniuma kuliko njaa.

Loserian nilimfahamu sokoni Tengeru, akiuza visu na mapanga. Ni Mwarusha wa ukoo wa wahunzi. Kwa watu wa kwao mhunzi hapewi mkono hivi hivi. Mtu hujipaka mafuta kwanza, eti chuma chake kina mkosi. Majirani zangu nao, Wakristo wazima wa kuimba tenzi, waliniambia nisiingize moto wa mtu yule uani kwangu. Niliwajibu kwamba panga lake wanalitumia kukatia migomba na hakuna aliyekufa. Hiyo ndiyo sababu hamjaona jirani hata mmoja amekuja hapa kumsemea.

Mnamo tarehe 23 Agosti mwaka huu, saa tano asubuhi, alifika kwetu kuninolea panga. Akamwona Thomasi. Alimwambia, "Shikamoo mzee. Nipe mikono yako niione." Aliigeuza kama mtu anayechagua jembe, kisha akasema, "Kwetu mhunzi hufanya kazi amekaa. Mguu si kitu. Mikono hii inakaa bure kwa nini?" Mume wangu aliirudisha mikono mapajani. Ila jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, aliniuliza kama nimechoka.

Loserian alirudi siku ya pili na kamba. Akampima Thomasi akiwa amekaa, kutoka chini mpaka kiwiko, akafunga fundo. Kimo hicho ndicho alichojengea tanuri. Mimi nimezaliwa kwenye mlima huu na sijaona mtu akijengewa kazi kwa kipimo cha mwili wake, kama anashonewa kanzu. Mungu ambariki, na hili uliandike.

Tulijenga siku tisa. Tuliweka kitako cha mawe, juu yake udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu, katikati shimo la kutosha chungu kidogo. Nyuma ya shimo alipitisha bomba la chuma. Bwana Koplo, bomba hilo ndilo mlilolileta hapa mkaliita mtutu. Kazi yake ni kupeleka upepo. Huku mwisho linafungwa mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mtu anabonyeza huu na huu kwa zamu, upepo unaingia chini ya moto. Bunduki gani inapigwa kwa ngozi ya mbuzi?

Makaa ni makaa ya mawe, magunia mawili. Loserian alipewa na Mgiriki mmoja wa upande wa Usa River aliyefunga karakana yake, na bomba alipewa huko huko. Karatasi ya yule Mgiriki ninayo, hii hapa kwenye kitambaa, imeandikwa vitu vyote. Makaa hayo hayana haraka kama ya mti. Alimfundisha Thomasi kuyarundika pembeni na kuyanyunyizia maji kidogo, yaive taratibu kabla ya kusogezwa katikati.

Alhamisi tarehe 9 walijaribu moto mdogo. Thomasi akafua msumari. Ulikuwa umepinda kama mkia wa nguruwe. Aliushika kwa koleo, akaniita, "Mama, njoo uone uchafu huu!" akacheka. Nilikwenda nyuma ya migomba nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshamzika mtu yule moyoni nikiwa bado nampikia.

Sasa nafika mahali penye kosa. Ukuta wa nyuma, wa kuzuia cheche zisifike kwenye paa la nyumba, ulihitaji mawe. Loserian aliniambia wazi: "Mama, leta mawe makavu ya juu kule kwenye mteremko. Ya mto hapana. Jiwe la mto lina maji tumboni, likipata moto linapasuka." Nilisikia. Masikio yangu ni mazima. Lakini mteremko ni mbali na mto uko chini tu ya shamba letu, na mgongo ulikuwa unaniuma. Nikaona haya ni maneno ya wahunzi tu, kujifanya wana siri. Nilichukua mawe manne mtoni, nikayapaka udongo mwenyewe, asiyatambue.

Mnamo Jumamosi tarehe 11, saa nne asubuhi, waliwasha moto mkubwa. Baada ya muda kidogo nikasikia mlio, paa! Halafu paa, paa! Kuku walitawanyika. Kipande cha jiwe kilimkata Loserian juu ya jicho, na kingekuwa kimempata mume wangu kama Loserian asingemkinga kwa kifua chake. Nyapara wa shamba la jirani alisikia, akapeleka habari ya bunduki.

Saa nane walikuja askari wawili na jumbe. Waliona bomba jeusi kwa moshi na mtu anatoka damu usoni. Wakauliza, "Nani mwenye vitu hivi?" Loserian alikuwa ameshaokota vipande, ameona udongo wangu juu ya jiwe laini la mto. Alinitazama. Alijua. Kisha akawaambia, "Moto ni wangu. Bomba ni langu. Wazee hawa hawajui kitu." Wakamfunga pingu. Na mimi Tabea, ninayeshiriki Meza ya Bwana, nilinyamaza. Niliogopa watamchukua Thomasi, na niliona aibu.

Jana asubuhi mume wangu aliniambia, "Mke wangu, udongo ule niliuona na mimi. Usipokwenda kusema, nitatambaa mwenyewe mpaka Boma." Nikamwambia akae, nitakwenda mimi.

Kama kuna wa kufungwa kwa ajili ya mlio ule, ni mimi. Loserian alinirudishia mume, nami nikamlipa kwa pingu. Jiwe la nne halikupasuka, nimelibeba kwenye kikapu. Litieni maji, mlitie motoni, msikie wenyewe.

Niliyoyasema ni ya macho yangu na mikono yangu, hakuna aliyenifundisha.

Alama ya dole gumba la kulia: Tabea binti Kaanaeli

Maoni ya afisa: Maelezo yameandikwa nami kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya shahidi. Kabla ya kutia dole alidai niongeze kwamba anamshukuru Loserian mbele ya Serikali. Nilimweleza kwamba fomu haina nafasi ya shukrani. Alikunja mkono, akakaa. Nimeongeza.

Saa tano na nusu jiwe lilitiwa katika moto wa jiko la askari. Lilipasuka kwa mlio mkubwa. Sufuria moja ya maharage imeharibika, askari wa zamu alijitupa chini. Inspekta ametazama bomba na karatasi, ameridhika.

Mtuhumiwa ameachiwa saa nane kamili. Shahidi alipomwona alichukua kikapu chake, akasimama. Mtuhumiwa alimwambia, "Twende, mama. Kesho tunaanza ukuta upya, na mawe nachagua mimi."

(Sahihi) Koplo Mikidadi bin Omary