Namba ya Kumi na Tano

Chini ya Sankuri, Garissa
12 Machi 1967

Kaka yangu mpendwa Buya,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Voi, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua chako kimepoa. Sisi huku tunapumua, na siku hizi mtu akipumua anahesabiwa mzima. Mama anauliza kama bado unakula umesimama kwa haraka ya treni.

Uliniuliza habari za kanisa letu. Kaka, kanisa limekwisha. Nakumbuka ile siku ya mwaka wa hamsini na tisa mmishonari alipotuzamisha mtoni, wanaume wakipiga maji kwa fito kufukuza mamba, nawe ukapiga ukelele kwa sababu gogo lilikugusa mguu. Mama anakucheka mpaka leo. Ukaandikwa namba moja katika daftari la washirika, mimi namba mbili, nikakabidhiwa kalamu ya kuandika majina. Tulifika washirika kumi na wanne. Sasa tumebaki wanne. Wakamba wa kazi za serikali wamehamishwa. Mzee Hiribae aliuawa shambani kwake na mashifta, hawa waasi wa porini. Mchungaji alikwenda Nairobi Agosti kutafuta mabati, akaniachia ruhusa ya kubatiza, na hajarudi. Paa la makuti askari walilibomoa wakitafuta bunduki, tunaomba juani.

Hukumjua Kaaha. Alikuwa mjane wa Kisomali aliyetuletea maziwa. Alianza kwa kusikiliza mlangoni, halafu akawa anaketi ndani, na mwaka jana akaomba kuzamishwa. Ndugu yake, Ogle, alikuja kunieleza kwa upole kwamba jambo hilo linamuumiza, lakini dada yake ni mtu mzima, hawezi kumfunga kamba kama mbuzi. Novemba mto ulifurika. Desemba askari walikataza watu kukusanyika ukingoni. Januari maji yakashuka na amri ikalegezwa, nami nikamwambia angoje Pasaka. Niliogopa maneno ya watu na risasi za mashifta, nikaiita hofu yangu busara.

Desturi yetu unaijua: jina haliingii daftarini mpaka mtu atoke majini. Hata mwanangu mwenyewe niliwahi kumkatalia.

Mwisho wa Januari askari walikuja kuwakusanya Wasomali wote wa ukingoni wawapeleke kambini, kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Mkubwa wao alisema aliye wa kanisa atapewa pasi abaki, akataka daftari. Kaaha alikuwa kando yangu na kibuyu chake cha maziwa. Yule mkubwa alipitisha kidole kwenye majina yote kumi na manne, kisha akaniuliza kama mwanamke huyu ni wetu. Kaka, watu wote hapa nimewaambia sikuulizwa. Niliulizwa mara mbili. Nilijibu kwamba bado. Nilisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo dhambi yangu. Kaaha hakulia. Alinipa kibuyu nimshikie, akapanda lori.

Na si hayo tu. Baada ya wiki mbili alinitumia neno kwa dereva wa lori la maji. Alisema wanalala matopeni, kuhara kumeingia, na mkubwa wa kambi yuko tayari kumwachilia iwapo mtu wa kanisa atafika kumsemea. Ni mwendo wa siku moja. Nikasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu ikafika, nikasema njia ina mabomu. Jumatatu ya pili nikasema mguu unauma, na kweli uliuma kidogo. Jumatatu ya tatu, yaani wiki iliyopita, nililifungua daftari nikaandika jina lake, namba kumi na tano, nikavaa viatu.

Ogle alinikuta mlangoni. Alikuwa amepewa ruhusa ya kutoka kambini aje kuwatafuta mbuzi wao. Aliniambia wamemzika Ijumaa. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Yeye nasema nyinyi ndugu yake. Kila gari nakuja yeye nainuka, nafikiri ni wewe." Hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliomba kibuyu cha dada yake, nikampa, akaenda zake.

Jumapili ijayo nitawaambia wenzangu watatu haya niliyokuandikia, Mama akiwemo, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akimwekea Kaaha mkeka.

Daftari nakutumia pamoja na barua hii. Utaliona jina lake. Penye tarehe ya ubatizo nimeshindwa kuandika kitu. Desturi inasema jina la mshirika aliyetenda dhambi hukatwa na kanisa zima likiwa limeketi, lakini kanisa zima halipo tena. Wewe ndiwe namba moja. Namba mbili unaijua ni nani, na kalamu nimeitia ndani ya bahasha.

Nisalimie shemeji sana, na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi mdogo wako,
Zakaria Jilo