Mashavu ya Wangechi

Jumatatu, 1 Agosti 1988

Baridi, manyunyu tangu alfajiri. Mhariri amepiga simu kutoka Nairobi: wasomaji wanauliza kuhusu sindano za kujaza mashavu. Anataka makala — mambo ya kujua kabla ya kudungwa. Nikamwambia Nyeri hakuna mambo hayo.

Nilikosea. Mchana, hotelini kwa mdogo wangu Wangechi, wasichana wawili walikuwa wakisema kuna mtu mtaani Majengo, Moffat, anayedunga mafuta usoni. Wangechi alikuwa akifuta meza ambayo hakuna aliyeilia chakula. Alisikiliza kuliko mimi.

Jumatano, 3 Agosti

Nimezungumza kwa simu na daktari wa upasuaji, Nairobi. Mpole, hana haraka. Mafuta ni yako mwenyewe: yanatolewa tumboni au pajani, yanasafishwa, yanadungwa shavuni siku hiyohiyo. Si ya mtu mwingine, si ya mnyama. Mwili hula sehemu yake, pengine nusu, kwa hiyo wengine hurudia. Uso huvimba hata wiki mbili. Na yakiingia kwenye mshipa wa damu, jicho linaweza kupofuka. Amewahi kuona? Mara moja, akasema. Si mgonjwa wake.

Sikujua mafuta huhamishwa kama miche. Jioni yote nimekuwa nikijishika shavu.

Alhamisi, 4 Agosti

Moffat hana cha kuficha. Chumba cha kupanga, kiti cha kinyozi, jiko la mafuta ya taa, sufuria ndogo. Nilijitambulisha kuwa mwandishi, akanivutia stuli. Mafuta yako kwenye chupa ya jemu. Ya nani?

"Ya kondoo, mama. Wewe ukizaliwa hukupakwa?"

Nilipakwa. Sote tulipakwa, na mama zetu walilishwa hayohayo wakinyonyesha. Ndiyo maana hakuna anayemwuliza swali la pili. Lakini ngozi ni ngozi. Ndani ya nyama ni kwingine.

Sindano ni moja. Nilimwuliza mara mbili nisije nikamwandika vibaya. Moja. Anaichemsha asubuhi, inafanya kazi hadi jioni.

"Si maji imechemka? Ni safi."

Jana alidunga watu sita.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimemwambia Wangechi yote, chupa ya jemu na sindano.

"Wewe uko na maswali mingi, mwandishi. Mimi niko na hoteli tupu."

Ni kweli. Tangu atoke wodi ya kifua kikuu mwezi wa Machi, uzito haujarudi. Meno ya nyuma aling'olewa, mashavu yameingia. Watu wa stendi ya matatu, wateja wake, wanasema ni ukimwi. Hawamwambii, wanakula kwa jirani. Nikamkumbusha ana karatasi ya daktari kwamba kifua kimepona.

"Hiyo karatasi nitabandika kwa paji ya uso?"

Nikamwambia sindano ya Moffat ndiyo inayoweza kumpa hicho wanachosema anacho. Akaendelea kuchambua maharagwe. Alitoa mawe matatu kabla ya kusema ati nimechelewa kazini.

Jumamosi, 6 Agosti

Saa nne asubuhi. Hoteli ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nimekuja moja kwa moja kwa Moffat. Wangechi yuko kwenye kiti, kitambaa shingoni. Aliyemtangulia ametoka sasa hivi, mwanamke wa Karatina, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nimeona sindano ikirudishwa kwenye sufuria. Jiko limezimwa. Maji hayatoi mvuke.

Naandika nikiwa nimesimama mlangoni. Nimemwambia ashuke, Jumatatu twende kwa yule daktari wa Nairobi.

"Na hoteli afungue nani?"

Nikasema ifungwe siku hiyo, Jumanne nitafungua mimi, kwanza ashuke. Akanitazama, akauliza polepole, kama mimi ndiye ninayehojiwa:

"Wewe ulikula kwangu mara ya mwisho lini?"

Nikasema huja kila siku.

"Unakuja. Unakunywa soda na mrija. Mimi nimeuliza kula."

Nimepekua miezi kichwani. Julai. Juni. Mei. Soda ninaziona. Sahani sioni hata moja.

"Andika hiyo pia," amesema.

Nimeandika. Moffat ana sindano mkononi, ananiomba nisogee, namzibia mwanga. Sijasogea. Wangechi hajashuka.